UZI: Gugu karoti, mathenge na dungusi Kanda ya Kati – kuyatambua, kuyang'oa, na kwa nini wengi wanang'oa bure

#1 Mgunga Mkavu

Wakuu wa Dodoma, Singida na majirani, mbukwenyi.

Humu kila msimu wa mvua watu wanatupia picha wakiuliza "hili jani gani limejaa pembeni ya barabara", na majibu ni yale yale: "karoti pori hilo, fyeka tu". Kufyeka ndiko kunakolisambaza. Naomba uzi huu tuweke mambo ya vitendo mahali pamoja, wenye ujuzi wa malisho, dawa na nyuki wajazie. Naanza na gugu karoti kwa sababu ndilo lenye mbio kuliko yote.

Jina la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Kwao ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko. India liliingia kwenye miaka ya 1950, Australia likaenda limechanganyika na mbegu za malisho kutoka Marekani, na kwetu liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Kwa hiyo mlango wetu mkubwa ni barabara ya kaskazini. Tangu lami ya Dodoma–Mayamaya–Mela–Bonga ikamilike, lori lililolala Arusha linashusha mzigo hapa siku hiyo hiyo, na tope la chini ya bodi linashuka nalo.

Kwa nini tulihofie kuliko watu wa nyanda zenye mvua nyingi? Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na inaikuta ardhi iko wazi baada ya miezi saba ya kiangazi na mifugo. Katika ardhi ya namna hiyo anayewahi kuota ndiye mwenye shamba. Gugu karoti linaota, linakua na kutoa maua ndani ya wiki nne hadi nane, wakati nyasi zetu za kudumu bado zinajivuta. Tena linatoa kemikali zinazodumaza mbegu za jirani. Ng'ombe hawaligusi wakiwa na kitu kingine cha kula, kwa hiyo wanapolisha wanalipalilia. Msimu wa pili unakuta nyasi zimepungua, gugu limebaki peke yake, na vipepeo, nyuki na ndege waliotegemea mchanganyiko ule wa majani hawana tena shughuli pale. Njaa ikiwalazimisha ng'ombe kulila, maziwa yanakuwa machungu.

Kwa anayetaka kukagua, anzia hapa: maegesho ya malori, madaraja na makalvati, mahali greda lilipogeuzia, machimbo ya moramu, minada ya mifugo, na kingo za makorongo chini ya vitu hivyo vyote. Usianze katikati ya shamba. Likishafika katikati ya shamba umechelewa.

#2 Chilonwa Boy

Mkuu hapo kwenye kulitambua ndipo tunapokwama. Kuna bangi mwitu, kuna kishona nguo, kuna pakanga, yote majani yake yamechanika chanika. Nitajuaje bila kumwita mtaalamu?

#3 Mgunga Mkavu

Angalia kwa hatua, usitegemee jani peke yake.

Likiwa changa linalala chini, majani yamejipanga duara yamebana udongo. Jani lina rangi ya kijani mpauko, limechanika sana, lina vinyweleo laini, na linaweza kufika sentimita 20. Hatua hii ndiyo watu wanaifananisha na karoti. Kisha shina linapanda katikati. Pitisha kucha juu ya shina: utahisi mifereji iliyonyooka kutoka chini hadi juu. Shina likikomaa linakuwa gumu na kutoa matawi mengi juu, urefu mita moja hadi moja na nusu, mahali penye rutuba hata mbili.

Ua ndilo linalomaliza ubishi. Ni jeupe, dogo, kama milimita 4, kichwa cha njiti ya kiberiti hivi. Likamate mkononi ulisogeze karibu na jicho: lina pembe tano, na kila pembe ina kijipetali kimoja. Chini ya kila pembe inakaa mbegu moja nyeusi. Kwa hiyo ua moja mbegu tano, na mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa 15,000 na zaidi.

Bangi mwitu ukiisugua inanuka kali na vichwa vya maua yake ni virefu, vyembamba, vya njano njano. Kishona nguo mbegu zake ni sindano nyeusi zinazong'ang'ania suruali. Pakanga jani lake linanuka dawa na halina ua la pembe tano. Basi.

#4 Mama Malisho

Asante Mgunga. Niongezee upande wa kung'oa, maana hapa ndipo nguvu za wanakijiji zinapotea.

Kung'oa kunafaa mambo matatu yakikutana: eneo ni dogo, udongo una unyevu, na maua bado. Udongo wa Dodoma ukikauka unafunga. Utavuta, shina litakatikia usawa wa ardhi, na kile kikonyo kilichobaki kitachipua matawi manne au matano mahali palipokuwa na shina moja. Ndiyo maana fyekeo na panga havifai kabisa. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua, shika chini kabisa penye shingo ya mzizi, vuta wima. Kwenye udongo mgumu tumia jembe dogo, kata mzizi sentimita 5 chini ya shingo.

Vaa glavu za mpira, mikono mirefu, suruali ndani ya buti, na barakoa. Glavu za kitambaa hazisaidii, utomvu unapenya. Sumu yake inaitwa parthenini, na shida yake ni kwamba mwili unajifunza kuichukia taratibu. Mtu anaweza kung'oa msimu mzima bila tatizo, msimu unaofuata akaguse kidogo tu ngozi ikavimba na kupasuka shingoni na kwenye viwiko. Mwenye pumu asiingie kabisa. Aliyewahi kuwashwa asirudi. Na tafadhali, walimu, msiwapeleke watoto kung'oa hili kama kazi ya usafi wa mazingira.

Yaliyong'olewa kabla ya maua unaweza kuyaacha yakauke juu ya jiwe au kuyatia kwenye mboji. Yenye maua, hata kama ni meupe mabichi, funga kwenye kiroba pale pale yalipo. Usiyaburute shambani kuelekea lundo. Choma ndani ya shimo au pipa, siku isiyo na upepo, na watu wakae mbali na moshi. Kuchoma shamba zima moto si dawa: moto unapita juu, mbegu zilizofukiwa hazipati joto, nyasi ndizo zinazoungua, na mvua ya kwanza inakuta ardhi safi.

Ratiba: tangu mvua ya kwanza hadi mwisho wa Aprili pita kila baada ya wiki tatu. Si mwezi. Ukipita kila mwezi kuna kundi litakalochanua katikati. Na mvua ya nje ya msimu ikinyesha, hata moja, hesabu wiki tatu urudi. Mbegu zilizofukiwa zinakaa hai miaka kadhaa, kwa hiyo ukisafisha mwaka mmoja ukatangaza ushindi umejidanganya.

#5 ZabibuNyeusi

Nina swali la haraka. Shamba langu la zabibu lipo Hombolo, upande wa barabara kumeanza kuota majani ya maelezo haya haya. Duka la pembejeo wameniambia nipige 2,4-D kwa kuwa haiui nyasi. Ni sawa?

#6 Bomba16

Ndugu, weka chupa chini kwanza.

2,4-D kweli inaua majani mapana na kuacha nyasi, na kwenye malisho ya wazi ni chaguo zuri. Lakini mzabibu ni miongoni mwa mimea inayoumia upesi kuliko yote kwa dawa hiyo. Hauhitaji kuumwagia. Mvuke tu au matone yaliyobebwa na upepo yanatosha: majani machanga yanakunjamana, yanakuwa membamba, mishipa inajipanga kama kipepeo cha mkono cha kujipepea, maua yanapukutika. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo karibu kila mwezi kuna mtu ana machipukizi mabichi. Alizeti, mbaazi na nyanya nazo zinaumia. Kwenye kata zenye zabibu mimi 2,4-D naifuta kabisa kwenye orodha, hasa ile ya aina ya esta ambayo inageuka mvuke jua likiwa kali. Kama bomba limewahi kubeba 2,4-D, lisitumike tena kwenye zabibu hata ukilisuuza mara tatu. Weka alama ya rangi, liwe bomba la magugu milele.

Kwa ukingo wa barabara ulio karibu na zabibu: ng'oa kwa mkono kama ni machache. Kama ni mengi, tumia glaifoseti (dawa nyingine ya magugu) kwa kulenga mmea mmoja mmoja, ukiwa na kikinga matone kwenye nozeli. Sasa hapa niwe mrefu kidogo, maana malalamiko ya "dawa feki" mengi si ya dawa.

Kwanza kipimo. Kifuniko cha chupa si kipimo. Weka maji matupu lita 16, tembea kwa mwendo wako wa kawaida ukipuliza hadi yaishe, kisha pima eneo ulilolowesha. Ukipata mita za mraba 800, unatumia lita 200 kwa hekta. Tuseme lebo ya glaifoseti ya gramu 360 kwa lita inasema lita 2 kwa hekta: hapo unahitaji mililita 160 kwa kila bomba, na eka moja inakula bomba tano. Mwenye mwendo wa taratibu anayemaliza bomba kwenye mita za mraba 400, dozi yake ni mililita 80 kwa bomba. Akiweka 160 amezidisha mara mbili. Dawa ya gramu 480 kwa lita haina kipimo sawa na ya 360. Soma lebo, inatofautiana.

Pili maji. Hili Dodoma ndilo kubwa. Maji ya visima vyetu vingi ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Kalisiamu iliyomo inaikamata glaifoseti kabla haijafika kwenye jani. Dawa ni nzima, lakini imefungwa. Tiba yake ni mbolea ya SA (salfeti ya amonia): kilo 2 kwa lita 100 za maji, yaani gramu 320 kwa bomba la lita 16. Iyeyushe kwenye ndoo, ichuje kwa kitambaa maana ina takataka zinazoziba nozeli, mimina kwenye bomba, koroga, halafu ndipo uweke glaifoseti. Ukigeuza mpangilio, kalisiamu inakuwa imeshaiwahi dawa. Maji ya bwawa yenye tope nayo ni mabaya kwa sababu nyingine: udongo wa mfinyanzi unainyonya glaifoseti. Maji ya tope SA haiyasaidii, tafuta maji safi.

Tatu vumbi. Majani ya kando ya barabara ya moramu yamevaa vumbi, na vumbi ni udongo ule ule. Piga siku inayofuata mvua, si wiki mbili baada yake.

Nne hali ya mmea. Gugu lililonyauka kwa ukame halisafirishi dawa kwenda mzizini. Litaungua majani, utafurahi, litachipua. Piga likiwa bado limelala chini, majani kati ya manne na kumi, likiwa na afya njema.

Tano upepo. Watu wanadhani alfajiri tulivu kabisa ndiyo salama. Siyo. Hewa ikituama matone madogo yananing'inia na kuhama kwa pamoja hadi shamba la jirani. Subiri majani ya miti yaanze kutikisika kidogo, na upepo uwe unatoka kwenye zabibu kwenda barabarani. Saa nne ukiona vumbi linainuka, funga kazi.

#7 Mama Malisho

Bomba16 amesema vizuri, ila niweke angalizo moja. Glaifoseti inaua nyasi pia. Ukiipuliza eneo zima la malisho utapata ardhi tupu, na ardhi tupu ni mwaliko. Kwenye malisho itumike kwa kugusa mmea mmoja mmoja au isitumike.

#8 ZabibuNyeusi

Nimeelewa, 2,4-D nimeirudisha dukani. Na katikati ya mistari ya zabibu glaifoseti vipi?

#9 Bomba16

Mizabibu michanga ambayo shina bado ni la kijani, hapana. Gome la kijani linanyonya dawa. Mizabibu mikubwa yenye gome kavu inawezekana kwa kikinga matone, lakini vichipukizi vya chini vipogolewe kwanza, siku kadhaa kabla. Mimi ningepanda fiwi katikati ya mistari. Zinafunika udongo, gugu karoti halipendi kivuli, na watafiti wa Arusha wameshajaribu fiwi dhidi ya gugu hilo hilo.

#10 Nyuki wa Itigi

Habari za kazi wakubwa. Mimi naleta hoja ya upande wa pili. Mti wa mathenge unaopigwa vita Kenya, wafugaji nyuki wa huko wanaupenda: unachanua wakati hakuna kitu kingine, asali yake ni nzuri, mkaa wake mzito. Manyoni kiangazi ni kirefu. Kwa nini tusiupande kwenye mipaka tu na kuudhibiti?

#11 Mgunga Mkavu

Hoja yako ina ukweli, Nyuki, na ndiyo hoja iliyoupandisha. Baringo ulipelekwa miaka ya 1980 kama mti wa kuni na wa kuzuia jangwa. Hakuna aliyekosea kuhusu asali wala mkaa. Waliloshindwa ni hilo neno "kuudhibiti".

Tatizo liko kwenye ganda. Ni la njano, bapa, tamu, sentimita 10 hadi 20. Mbuzi na ng'ombe wanalikimbilia. Nyama ya ganda inamengenywa, mbegu yenye ngozi ngumu inapita salama na kutoka kwenye samadi, tayari ina mbolea na unyevu. Kwa hiyo hata ukiupanda kwenye mpaka mmoja, mifugo ya jirani itaupanda zizini, kwenye njia ya kwenda kunywa maji, na kwenye korongo. Kwenye korongo mafuriko yanamalizia. Mbegu inaweza kukaa ardhini miaka mingi. Tanzania tayari upo Kilimanjaro, Mwanga na Moshi Vijijini.

Na wewe una mali ambayo sehemu nyingine hawana. Vichaka vya Itigi ni uoto wa pekee, vichaka vizito vya mita 3 hadi 5, na mimea kama Baphia burttii na Bussea massaiensis ambayo huipati kila mahali. Nyuki wako wanakula pale. Kichaka kikiwa kizima mti mgeni hauna pa kuingilia, kivuli kimebana. Nafasi inatokea kikifyekwa na visiki kung'olewa. Chunga visiki kwanza: vikiachwa vinachipua, vikichimbwa kichaka hakirudi kwa umri wa mtu. Ukitaka mti wa kuongezea chakula cha nyuki kiangazi, kuna mkwaju, mgunga na mkababu, huo wa mwisho unabeba majani kiangazi wakati mingine yote imepukutisha.

Kwa wasioujua mathenge, msiukate mgunga kwa makosa. Jani la mathenge limegawanyika mara mbili kama la mgunga, lakini vijiti vya pembeni ni jozi moja hadi tatu tu, mgunga huwa na jozi nyingi zaidi. Matawi yake yanakwenda kwa kupinda pinda kutoka kifundo hadi kifundo. Miiba imenyooka, miwili miwili kwenye kifundo. Ua ni refu linaloning'inia, rangi ya mabua makavu, si mpira wa duara. Ganda halijisokoti kama la mgunga wetu wa Vachellia tortilis.

Ukiukuta: mche wa chini ya goti, ng'oa na mzizi wakati wa mvua. Mkubwa usiukate usawa wa ardhi ukaondoka, machipukizi yake yapo kwenye shingo ya mzizi. Chimba kuzunguka, kata sentimita 30 chini ya udongo. Au kata shina chini kabisa na upake trikilopiri (dawa ya kuua miti na vichaka) iliyochanganywa na dizeli kwa kiwango cha lebo, kwenye uso wa kisiki chote na ubavuni hadi udongoni, ndani ya sekunde chache baada ya kukata. Ukikata miti ishirini kwanza halafu ndipo upite na brashi, visiki vya mwanzo vimeshajifunga na dawa haiingii. Wawe watu wawili: mmoja anakata, mwingine anamfuata na kopo.

#12 Nyuki wa Itigi

Hapo kwenye visiki umenipata. Je, mifugo inayonunuliwa mnada wa kaskazini?

#13 Mama Malisho

Ifungie zizini wiki moja, ilishe majani makavu unayoyajua, samadi ya wiki hiyo usiipeleke shambani. Ichomwe, au ikusanywe lundo moja ambalo utalikagua mvua zikianza na kung'oa kila kinachoota.

#14 Mzee wa Kibakwe

Wanangu, mbona hamtaji kiduha? Kinamaliza mtama kuliko hayo yote mnayoyasema. Na mkulagembe umejaa malishoni, wala haukuletwa na lori.

#15 Mgunga Mkavu

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, ila hao ni wa kwetu. Kiduha ni mmea wa Afrika, kimelea kinachonyonya mizizi ya mtama, na dawa yake ni mbegu kinzani kama Hakika na Wahi, kunde katikati, samadi, na kuking'oa kabla hakijachanua. Mkulagembe nao ni wa asili. Umezidi kwa sababu nyasi zimelishwa hadi zikaisha na moto wa kawaida haupiti tena. Ukiukata bila mpango unachipua kutoka kwenye mizizi na kuwa msitu. Tofauti yake na mgeni ni kwamba mkulagembe una wadudu, wanyama na magonjwa yanayoupunguza, na ukipumzisha malisho nyasi zinaweza kuurudisha mahali pake. Gugu karoti halina adui hapa. Ndiyo maana Afrika Kusini mwaka 2013 waliachia mbawakawa anayeitwa Zygogramma bicolorata anayekula majani ya gugu hilo, na Ethiopia nao wakafuata.

#16 Kongwa Moja

Sisi huku uzio wetu ni dungusi kakati. Linazuia mbuzi na matunda watoto wanakula. Nalo ni adui?

#17 Mama Malisho

Inategemea ni lipi na umelikata wapi. Dungusi lote ni mgeni kutoka Amerika, lakini kuna lile kubwa la matunda ya kuliwa ambalo halikimbii sana, na kuna fupi lenye miiba mirefu, linalotambaa, matunda ya zambarau. Hilo fupi ndilo lililofunika malisho Laikipia, Kenya. Vijimiiba vidogo vya tunda vinaingia mdomoni na machoni mwa mbuzi, wengine wanapofuka.

Kosa la kwanza ni kulifyeka. Kila bapa linaloanguka linaota mizizi, hata kipande cha nusu bapa. Kosa la pili ni kutupa mabaki korongoni. Ukitaka kuliondoa, kata kwa koleo ndefu au uma wa shamba, kusanya kila kipande kwenye turubai, chimba shimo la kutosha kufukia kwa udongo wa mita moja juu. Au lundika juu ya mwamba mtupu usio na udongo hadi vikauke kabisa, na Dodoma mawe tunayo. Rudi baada ya mvua ya kwanza kuokota yaliyosahaulika.

Kwa uzio, minyaa inatosha na ni ya kwetu. Utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo panda vipande ukiwa umeelekeza uso pembeni na kunawa.

Sasa niingize kitu ambacho wengi wanakiruka. Baada ya kuondoa mgeni lazima uweke nyasi, vinginevyo atarudi. Kwetu nyasi bora ni Cenchrus ciliaris, ni ya asili hapa. Nzuri kiasi kwamba Waaustralia walichukua mbegu yake Dodoma wakaifanya aina ya malisho inayoitwa Biloela, na leo jamii ya nyasi hiyo ni gugu vamizi kwenye mbuga zao. Kila mmea una kwao.

Mbegu kilo 3 hadi 5 kwa hekta. Usitumie mbegu iliyovunwa mwezi uliopita, inalala, iache ikae miezi sita au zaidi. Ina manyoya, haimwagiki sawa, changanya na mchanga mkavu. Kwaruza udongo, sia juu, fukia isizidi sentimita 1, kanyaga. Wengi wanaifukia kina cha mahindi, haitoki, wanasema mbegu mbovu. Usiingize mifugo msimu wa kwanza hadi nyasi zitoe mbegu. Na kama unanunua marobota ya hei kutoka mikoa ya kaskazini, fungua robota moja juu ya turubai utafute vichwa vya pembe tano kabla hujashusha gari zima.

#18 Tipa Nala

Kwa hiyo sisi wa mchanga na kifusi ndio wabaya wa uzi huu 😄

#19 Mgunga Mkavu

Wabaya hapana, njia kuu ndiyo. Na mimi naona kijiji kikitumia pesa zote kwenye dawa bila kuangalia machimbo kimekosea pa kuanzia. Kabla ya kupakia, zunguka ukingo wa machimbo hatua hamsini. Ukiona gugu limechanua, chukua mchanga wa upande mwingine, na utoe tabaka la juu la sentimita 20 usilipakie. Tingatinga na greda likitoka mkoa wenye gugu lioshwe kwanza, hasa minyororo, matairi na chini ya kijiko, na maji ya kuoshea yaishie shimo moja ambalo utalikagua.

Anayeshuku amelipata asilibebe mkononi kupeleka mjini. Piga picha nne: mmea mzima, shina kwa karibu, jani juu na chini, ua likiwa pembeni ya rula. Andika kijiji na alama za GPS za simu. Kipande kimoja kibanwe ndani ya gazeti kavu na kufungwa kwenye bahasha. Mpe afisa ugani wa kata, naye anajua njia ya kufika TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Makao yao yapo Arusha.

#20 Tipa Nala

Sawa mkuu. Ila kuna kifusi kimeshamwagwa kwenye kiwanja cha mteja, kimetoka machimbo yenye hayo majani. Nikizoe nikirudishe?

#21 Bomba16

Usikirudishe, utadondosha mbegu njia nzima. Kitandaze hapo hapo unene wa sentimita 10 hadi 15, kilowe maji kila siku mbili kwa wiki tatu ili mbegu ziote kwa hiari yako, si kwa hiari ya mvua. Vikiwa vimche vya majani manne, palilia kwa jembe juu juu tu, usigeuze udongo maana utaleta mbegu nyingine juu. Rudia mara tatu. Mwambie mteja asipande ukoka wala maua hadi mzunguko wa tatu utoke mtupu, na kama anajenga, sehemu ya chini ya jamvi la zege ianze kupokea kifusi hicho kwanza.